Mashine ya Kumrekodi Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Televisheni imekufa. Imetoa moshi kidogo, ikanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati, basi. Mke wangu akauliza sasa itakuwaje, na kipindi cha mama yake ni Ijumaa. Nikamwambia televisheni ni mambo ya kale. Kuanzia wiki hii nyumba hii itatazama kwa kompyuta. Tena itarekodi.

Niweke maelezo sawa, maana mimi ni mtunza stoo wa shule na siachi kitu hewani. Mama mkwe alikuja kwa wiki moja. Leo ni siku ya thelathini na nane, ukihesabu na siku nne alizosafiri, nami nazihesabu. Analala kwenye chumba changu kidogo, kile ninachokiita ofisi. Alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na moja, akastaafu, ila mikono yake haijapewa taarifa. Anakunja kila kitu. Soksi zangu zina pembe nne.

Wiki tatu zilizopita watu wa televisheni walimwita arudi kwao, wampige picha mlemle kwenye chumba cha kufulia cha hospitali yake. Kipindi chenyewe kinaitwa Wasioonekana. Nilimsindikiza kituoni. Kwa furaha ya kumwona anapanda basi, nikaropoka: "Nitakurekodia, mama." Siku ya nne akarudi na begi kubwa zaidi. Kwake hakuna televisheni, na wenzake wa zamu ya jioni saa ya kipindi huwa kazini. Haondoki bila flashi ya kuwapelekea.

Kwa hiyo jambo ni jepesi. Flashi ikipatikana, chumba kinarudi.

Jumanne, 4 Juni

Kompyuta ipo, nimeiweka ofisini kwangu. Shule iliitupa, mimi mwenyewe nikaandika kwamba imetupwa, mimi mwenyewe nikaipokea. Herufi M haibonyezeki. Juu ya skrini kuna kamera ndogo yenye kitundu. Pambo tu.

Nimenunua kidude cha kunasia picha. Kinakaa katikati, king'amuzi huku, kompyuta kule. Kina matundu matatu: njano, nyekundu, nyeupe. Nilikuwa nasoma maelezo, tena kwa utulivu, jirani akaingia. Huyu ni fundi redio, mtaa mzima unamwita Fundi, na sebuleni kwake kuna televisheni pana kama mlango. Hakuitwa. Akasema waya wa njano ni wa picha, nyekundu na nyeupe ni za sauti, zote tatu nichomeke kwenye kidude. Nikamshukuru kwa adabu hadi akaondoka.

Mwenye wivu ajinyonge. Nikachomeka wa njano peke yake. Nyekundu na nyeupe nikazichomeka kwenye redio yangu ya zamani, yenye spika ya nguvu. Picha ikatoka kwenye kompyuta, sauti ikanguruma redioni. Kwa nini mashine moja ibebeshwe mizigo miwili?

Mama mkwe alikaa kitandani akitazama, akasema ni kama sinema. Mke wangu akaniangalia kwa jicho la siku za uchumba. Nikajifanya sikuona.

Jumatano, 5 Juni

Jaribio! Jana usiku nilirekodi taarifa ya habari, dakika kumi. Picha ipo. Sauti ipo. Leo niliicheza mbele ya mke wangu na mama yake, nikiwa nimesimama.

Kasoro moja ndogo, na si yangu. Katikati ya habari za mvua, msomaji alikohoa mara tatu, kikohozi kizito, kama cha mama mkwe kabisa. Halafu sufuria ikaanguka huko studio. Mama mkwe akashangaa, akasema na yeye jana alikohoa hivyo hivyo. Nikamwambia duniani wawili wawili.

Mke wangu akampelekea Fundi habari hiyo. Fundi akatuma jibu kwamba niangalie tena zile waya za sauti. Nikatuma jibu kwamba sauti ninayo, na yeye aangalie redio za watu zilizokaa kwake tangu mwaka jana.

Alhamisi, 6 Juni

Nimerudi kutoka kazini nikakuta maafa. Waya zote zimechomolewa. Zimefutwa vumbi, zimekunjwa, zimefungwa uzi katikati na kupangwa kwenye droo kwa urefu. Kompyuta yenyewe imefunikwa shuka.

Mkwe ni mkwe. Huwezi kumwambia mama wa mkeo kwamba kaharibu. Nilimwomba mke wangu amwambie. Mke wangu akasema nimwambie mimi, mdomo si ninao? Nikaenda hadi mlangoni, nikakohoa, nikasema: "Mama, pole na kazi." Akajibu: "Asante baba, zilikuwa zimechafuka." Nikachomeka zote upya. Njano kwenye kidude, nyekundu na nyeupe kwenye redio. Naweza kufanya gizani sasa.

Jioni Fundi kapita nyumba hadi nyumba akialika majirani waje kesho kumtazama mama mkwe kwenye mlango wake ule. Mama mkwe kakubali. Anataka angalau mara moja ajione mkubwa. Mke wangu pia anakwenda. Nami nimealikwa. Nimekataa. Mtu mmoja lazima abaki na mashine, na aliyemwahidi mama ni mimi, si Fundi.

Ijumaa, 7 Juni

Saa moja kasoro robo jioni wametoka, mama mkwe kavaa mtandio wa bluu. Nimebaki peke yangu ofisini kwangu, kwa mara ya kwanza baada ya siku arobaini na mbili. Nikabonyeza. Taa nyekundu ikawaka. Kipindi kikaanza, mama mkwe huyo katikati ya mvuke, mashuka yanapita nyuma yake kama mawingu.

Mara simu. Kaka yangu mkubwa. Kaka hajui kuongea kwa kifupi, na redio ilikuwa inanguruma, hatusikilizani. Nikaizima redio. Kompyuta ina masikio yake, nilijisemea. Tukaongea kama dakika kumi na tano, mambo ya kifamilia. Nikimtupia jicho mama mkwe, anaongea tu bila sauti, anacheka, anafuta macho. Kipindi kikaisha. Nikazima. Faili lipo, tena zito.

Wamerudi wote macho mekundu. Nikauliza kulikoni, moshi? Mke wangu akataka kusema kitu, mama yake akamshika mkono. Akasema nisiambiwe, nitasikia mwenyewe Jumapili. Nimepakuliwa nyama vipande vitano. Kawaida yangu viwili.

Naona mashine imewagusa sana.

Jumapili, 9 Juni

Naandika kwa ufupi.

Nilihamishia kompyuta sebuleni na kuiunganisha na redio iwe spika. Nilialika majirani walewale, ili waone kwamba hata sisi tuna kitu. Fundi alikuja akakaa nyuma kabisa. Mama mkwe nilimweka mbele, kwenye kiti changu. Sikuwa nimekagua faili. Alikuwa amelala ofisini, ningeingiaje? Na kukagua ni kutojiamini.

Nikatoa hotuba fupi. Nikabonyeza.

Mama mkwe akatokea kwenye mvuke, mtandio kichwani, akafungua kinywa. Ikatoka sauti yangu.

"Kaka, wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu nimempa jembe, akalikunja akalipanga kabatini!"

Watu wakacheka kwanza. Walidhani ndivyo ilivyotengenezwa. Nikabonyeza kitufe cha kusimamisha, kumbe ni ileile herufi M isiyobonyezeka. Kwenye skrini mama mkwe akachukua shuka, akaonyesha linavyokunjwa, na sauti yangu ikaendelea kwamba akipata flashi yake tu, Jumatatu namfungashia mwenyewe. Kwamba soksi ananikunjia kama sanda. Kaka lazima aliniuliza kama simpendi, maana nikasikika nikijibu: "Nampenda. Nampenda akiwa kwake." Hapo mama mkwe wa kwenye skrini akafuta machozi, na mama mkwe wa kwenye kiti hakufuta chochote.

Fundi ndiye aliyechomoa umeme. Kisha akarudi kukaa nyuma kabisa. Ningependa angenicheka.

Mama mkwe akasimama, akaweka sawa kitambaa cha kiti. "Baba, umefanya kazi kubwa," akasema. "Nimesikia."

Jumatatu, 10 Juni

Ameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Nilitaka kubeba begi, akasema ni jepesi. Mke wangu alimsindikiza, mimi nikaambiwa nisichelewe kazini.

Ofisi ni yangu. Shuka limekunjwa. Waya zimekunjwa. Soksi zangu zote, jozi kumi na moja, ziko juu ya kompyuta, nazo zimekunjwa, sijui alizikunja saa ngapi.

Nilikaa kwenye kiti cha ofisi jioni nzima. Hakikuwa kizuri kama nilivyokumbuka. Mke wangu aliniambia maneno manne tu: "Ulimi hauna mfupa, mume wangu." Nikahesabu, ni matano. Hata hesabu inanikataa.

Nyama: hakuna.

Jumatano, 12 Juni

Nimekutana na Fundi dukani. Nikamwambia hitilafu imegundulika, ni kaka yangu, alipiga simu saa mbaya. Fundi akatikisa kichwa. Akasema kosa ni waya. Kidude hakikuwa na sauti yoyote ndani, kwa hiyo kompyuta ikatafuta sauti popote, ikaipata kwenye kile kitundu cha kamera, ambacho ni maikrofoni. Ilikuwa inasikiliza chumba.

Halafu akaniuliza kama najua mama alisema nini kwenye kipindi. Nikasema sijui, hakuna aliyeniambia. Akaweka mkate wake chini, akaniambia polepole, kama mtu anayerudisha kitu cha watu:

"Alisema miaka thelathini na moja hakuna mgonjwa aliyewahi kuuliza nani kafua shuka lake. Alisema sasa ana mkwe aliyempa chumba chake alale, na ameahidi kumrekodia kipindi ili wenzake wamwone. Akasema, 'Mimi sikuzaa mtoto wa kiume. Nilikuwa sijui kwamba nitampata uzeeni.'"

Nikamwambia Fundi mchele umepanda siku hizi. Nikatoka. Sikuwa nimenunua nilichotumwa.

Fundi alinifuata hadi nje. Kipindi kinarudiwa kesho saa nne asubuhi. Akasema atakuja anichomekee zile waya mbili, dakika moja tu. Nikamwambia asijisumbue. Jambo hili ni kati yangu na mama yangu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeomba ruhusa kazini, tumbo. Mke wangu yuko sokoni. Mlango nimefunga kwa ufunguo. Safari hii hakuna mzaha.

Njano kwenye kidude, nyekundu na nyeupe kwenye redio, kama kawaida. Nadharia ya Fundi nimeitafakari. Ina mapengo. Dawa ni redio kuwa juu hadi mwisho na simu kutopigwa na mtu. Nimebonyeza saa nne kamili.

Nimemsikia. Mvuke, mashuka, wenzake wa zamu ya jioni akiwataja mmoja mmoja. Alipofika kwangu nilisimama. Sijui kwa nini, nilikuwa peke yangu. Alisema yote kama Fundi alivyosema, ila kwa sauti yake, ikiwa na kile kikohozi katikati.

Kaka hakupiga. Nilimpigia mimi. Mtu akisifiwa mbele ya taifa zima, ndugu yake asijue? Nilimwekea simu kwenye redio asikie. Alipouliza mbona nalia, nikamwambia ukweli wote. Kwamba tangu Jumatatu silali. Kwamba soksi nimeshindwa kuzifungua, nakwenda kazini na viatu vitupu. Kwamba yule mama arudi, akae anavyotaka, ofisi achukue, ila waya asiguse, na chumvi apunguze, maana mkono wake ni mzito na sijui wagonjwa walisalimikaje. Nikamsihi Kaka abaki na siri hii. Mama mkwe akijua namhitaji hivi, atahamia na kitanda.

Redio ilikuwa juu muda wote. Ilibidi nipige kelele ili Kaka anisikie.

Faili lipo, tena zito kuliko lile la kwanza. Nimelitia kwenye flashi. Sijalikagua. Mke wangu anasafiri nalo Jumamosi, na amenijulisha kwamba zamu ya jioni yote itakusanyika chumba cha kufulia kulitazama, mama akiwa mbele.

Fundi alibisha hodi jioni kuuliza kama nimechomeka waya zile. Nikamwonyesha droo. Ziko pale, nimezikunja mwenyewe, pembe nne.