Posa Yangu na Mfalme wa Uchina

Leo nimeaibika, tena kwa lugha mbili. Nawasimulia mwenyewe kabla habari haijafika sokoni, maana sokoni itaongezwa chumvi, na hii haihitaji.

Mnamjua Salma, yule wa duka la kutoa kopi pale Wete. (Wengine mmeshaanza kucheka. Subirini.) Tangu nihamie huku kutoka Unguja nimetoa kopi za makala zangu ambazo hata ndugu zangu hawazisomi, ili mradi nisimame kidogo mbele ya mashine yake. Naye hakunichukia. Alisema mama yake, Bi Mize, ndiye mwenye neno. Bi Mize akiniridhia, nipeleke posa.

Mtu mwenye akili angetuma wazee mwanzo kabisa, wakakaa, wakaulizana kwa upole: huyu mtoto wa nani, kazaliwa wapi, kalelewa na nani. Ndiyo kazi yao. Lakini mimi nina shahada mbili, nikaona ulimi wangu unatosha. Nikajituma mwenyewe.

Bi Mize anapenda tamthilia za Kituruki, ila analalamika kuwa waigizaji wanashikana mno. Nikamwambia Salma, "Mwambie mama nitamletea filamu ya heshima. Ya historia." Leo baada ya sala ya Ijumaa nikafika kwao Jadida, kanzu imenyooka kwa pasi, mkononi halua, mfukoni flashi. Bi Mize yuko mkekani. Shehe Faki, kaka yake, yuko kwenye kiti. Salma yuko nyuma ya pazia la mlango wa ndani, kwa heshima, lakini ncha za vidole vyake vya miguu naziona.

Filamu ni ya maisha ya mfalme wa Uchina aliyekalishwa kwenye kiti cha enzi akiwa mtoto wa kubebwa, akapinduliwa kabla hajajua kutawala, na uzeeni akaishia kupalilia bustani. Watu wote humo wanasema Kiingereza, kwa hiyo mkalimani ni mimi. (Ndiyo ulikuwa ujanja wangu wote.)

"Kapinduliwa?" Shehe Faki aliuliza, akautazama mlango wa nje asije akasikiwa. "Na nani?"

"Ni Uchina, Shehe."

"Aa. Endelea."

Nikaendelea, na nilikuwa mtamu. Sauti ya mfalme niliipa ukali, ya malkia mzee niliipa kikohozi. Nyuma ya pazia nikasikia kicheko. Moyoni nikaanza kuchagua rangi ya mapazia ya nyumba yetu.

Ndipo ikaja ile sehemu. Mfalme amekuwa mtoto mkubwa wa kukimbia na kutoa amri, lakini anapanda mapajani kwa mnyonyeshaji wake na kunyonya. Shehe Faki akageukia dirishani kama aliyeitwa. Mimi Kiingereza kikanikimbia, na Kiswahili kikakifuata.

"Huyo si mtoto," alisema Bi Mize. "Huyo ana meno yote."

Nikaona filamu yangu ya heshima inazama na mimi ndani yake. Ilibidi niseme kitu, chochote. Na mtu aliyesoma, akibanwa, hutoa mhadhara.

"Msishangae, mama. Wafalme walinyonyeshwa na wanawake wengine. Hata mimi! Mama yangu aliugua sana baada ya kunizaa, akalazwa. Kuna mama wa watu, jirani yetu kule Mgogoni, si mbali na hapa, akanichukua akaninyonyesha. Kisha baba akatuhamishia Unguja, mama huyo sikumjua tena. Lakini wallahi, nikimpata leo nitambusu mikono."

Nilisema vizuri, nakiri. Mwishoni sauti ilitetemeka kidogo, kwa makusudi.

Bi Mize hakulia kama nilivyotarajia. Alisema, "Isimamishe hiyo sinema."

Nikaisimamisha. Mfalme akaganda na mashavu yamejaa.

"Mama yako nani?"

"Maryam binti Khamis. Marehemu."

"Geuka."

"Mama?"

"Geuza kichwa, we mwana, n'tazame nyuma ya sikio."

Sikugeuza. Mkono wangu wenyewe ulikwenda nyuma ya sikio la kushoto, pale penye baka langu la kuzaliwa, ambalo hata kinyozi wangu hulisahau. Bi Mize akapiga makofi.

"Faki! Huyu ndiye Haji wa Maryam! N'limnyonyesha huyu, yeye na Salim wangu, mmoja huku mmoja huku. Na alikuwa anauma!"

Shehe Faki akarudi kutoka dirishani, uso umekunjuka. "Basi huyu mwanao."

"Mwanangu kabisa."

"Na Salma dada yake."

Hakuna aliyehitaji kueleza zaidi. Aliyekunyonyesha ni mama yako, wanawe ni ndugu zako, na ndugu haolewi na ndugu. Hayo tulifundishwa chuo cha Kurani tukiwa bado hatujui hata kuoa ni nini. Lakini mwenye kuzama hushika hata povu. Nikakumbuka kuwa sheria inataka mtoto awe amenyonya akashiba, mara tano.

"Labda sikufika tano, mama," nilisema kwa unyenyekevu. "Labda nilionja tu. Mtoto mnyonge, mama yake mgonjwa..."

"Kuonja?" Bi Mize alinitazama kama niliyemtukana. "We ulikuwa ukimaliza lako unamnyang'anya Salim. Salim mpaka leo mwembamba."

"Salma alikuwa hajazaliwa," nilijaribu tena, nikimwelekea Shehe.

"Hata angezaliwa kesho," alisema Shehe Faki.

Nyuma ya pazia kulikuwa na mtu anayejaribu kutocheka, na anashindwa vibaya. Kisha pazia likafunguka, Salma akatoka, mtandio uko mabegani, nywele wazi. Nikainamisha macho kwa mazoea.

"Usiiname, kaka," alisema, akinipokonya sahani ya halua. "Ushakuwa wa ndani. Haya, washa, tujue mwisho wake."

Nikawasha. Nikatafsiri mpaka mwisho. Mfalme alipotolewa jumbani mwake na koti moja, nilitafsiri kwa uchungu ambao Shehe Faki alisema ni kipaji. Bi Mize alilia hapo, akanishika mkono, akaniambia nile, kisha akaniambia nimekonda, kisha akaniuliza kwa nini sijaoa.

Wakati wa kuaga, Shehe Faki alinisindikiza hadi barazani. Kumbe kuna karani mmoja wa bandarini naye anamtaka Salma, na wazee wake wanakuja Jumapili. Familia inaomba kaka mtu niwepo, nimhoji.

Nimekubali. Swali la kwanza nitamuuliza amenyonya wapi, na nitataka mashahidi.

Nanyi tafadhali msicheke. Mkishindwa, basi msimwambie Salim. Naambiwa bado ana kinyongo.