Mkwe Ndani ya Kifaru

Wapo wengi waliowahi kumuudhi baba mkwe kabla ya ndoa. Lakini aliyemfungia ndani ya kifaru cha vita, siku yenyewe ya kujibiwa posa, ni mmoja tu, naye ni Jenerali.

Jenerali hakuwa jenerali. Hata mgambo hakuwahi kuwa! Alikuwa mpakaji wa grisi katika jumba la makumbusho ya vita, na jina alijipa mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi kwenye vyuma vikuukuu na kumshikia spana Mama Fundi, mkuu wa karakana. Kwao mchumba, habari zilifika zikiwa zimenenepa: mkuu ni yeye, na yule mama ni msaidizi wake.

Bahati mbaya baba wa binti alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu.

"Jibu nitalitoa nikishaiona hiyo kazi kwa macho yangu," alisema.

Jenerali akachagua asubuhi ambayo Mama Fundi amekwenda mjini kutafuta vipuri.

"Karibu, baba. Kifaru hiki nakijua nje ndani."

Akampandisha mbele, kwenye tundu la dereva, apate kiti cha heshima. Mzee akateremka kwa awamu tatu: miguu, mapumziko, halafu tumbo. Juu kikabaki kichwa na kofia yake.

"Leo tunaitazama injini," Jenerali akatangaza.

"Boneti iko wapi?"

"Boneti ni mambo ya magari madogo, baba. Injini iko nyuma, chini ya kile kifuniko cha chuma."

Akafungua bolti ishirini na nne, kila moja na hotuba yake. Akainua kifuniko. Kikapanda vidole vinne, kikagota. Mtutu wa mzinga ulikuwa umelala juu yake, ukitazama nyuma, kama unavyolazwa siku zote kifaru kikiwa kimeegeshwa. Akaleta mtaimbo, akauning'inia miguu ikielea hewani. Wapi!

"Hakuna kitabu cha maelekezo?" mzee akauliza.

"Kitabu ni cha wanaojifunza, baba."

Kabla ya kufungua injini, Mama Fundi hutangulia kuchungulia kiti cha dereva, kama kuna mtu amtoe. Kisha huingia ndani, akakizungusha kichwa cha kifaru, kile kinachobeba mtutu, robo tu, mtutu ukakaa pembeni. Hayo humalizika kabla hajamwita Jenerali na spana zake, kwa hiyo miaka yote minne Jenerali alikuta mtutu umeshasogea, akadhani hujisogeza wenyewe.

Hatimaye akili ikamjia. Akazama ndani, akashika hendeli, akaanza kuzungusha huku akiimba. Robo haikumtosha. Alitaka mtutu utazame mbele, mkwe aone vita ni nini. Mzee aliuona ukija, akapiga kelele, hakusikiwa, akafyata kichwa kama kobe.

Mtutu ukafika mbele. Jenerali akaushusha kidogo kwa madaha, ukalala juu ya tundu la dereva. Akazungusha tena ili aurekebishe. Ka! Hendeli ikambakia mkononi.

Kulikuwa na upenyo wa kutokea kwenye kichwa cha kifaru, lakini waliouweka waliwafikiria askari wenye njaa, si mstaafu aliyetunzwa na mkewe.

Mama Fundi akarudi.

"Nani kauleta mtutu mpaka mbele? Na ndani kuna nani?"

"Baba mkwe," Jenerali akanong'ona.

"Wa nani?"

"Nilitarajia awe wangu."

Sauti ikatoka chini ya chuma, tulivu kabisa. "Mama, wewe ndiye msaidizi wake?"

Mama Fundi akamtazama Jenerali. "Ndiyo, mzee. Namsaidia sana. Leo ndiyo nimezidisha."

Akavua saa, akaingia kazini. Ilichukua saa tatu. Saa zote hizo Jenerali alilala kifudifudi juu ya kifaru, akimpitishia mzee maji kwenye mwanya na kujibu maswali. Moyo ulimuuma kwelikweli, maana alimpenda yule binti, na hakuona namna ya kuishi bila yeye.

"Nakuuliza mara ya mwisho," mzee akasema. "Mkuu wa karakana ni nani?"

"Ni yeye, baba. Mimi napaka grisi."

"Hm," akajibu mzee, kama wanavyojibu wakaguzi.

Mtutu ukasogea. Mzee akatoka kwa awamu zilezile, kinyumenyume, suti nzima imeloa grisi. Jenerali akamkimbilia, akampokea kwa mikono miwili.

"Shikamoo, baba. Na lile jibu letu?"

"Marahaba. Ngoja kwanza."

Akampita, akamwendea Mama Fundi, akavua kofia.

"Mama, kwenu hakuna kijana ambaye hajaoa?"