Mapacha wa Mji wa Ooyv

Jumatatu, 6 Juni

Naapa kuandika humu kila kitu, hata yasiyonipendeza. Sitarajii yatakuwa mengi.

Leo nimeanza kazi ya maana. Muuza vitu vya zamani aliye nyuma ya posta amenipa boksi la viatu lililojaa slaidi, zile picha ndogo zinazopitisha mwanga, kila moja ndani ya fremu ya kadibodi. Alisema hakuna anayezinunua, mashine za kuzionyesha zimekufa zote, nimwondolee uchafu huo. Uchafu! Niliinua moja dirishani nikamwona mwanamke mwenye kofia pana akiicheka bahari. Watu nisiowajua, likizoni, kabla mama yangu hajazaliwa!

Sasa mpango. Ijumaa mwalimu wa historia atachagua mwenyekiti wa Chama cha Kumbukumbu. Mwenyekiti hukabidhiwa ufunguo wa kabati la kioo la maktaba. Nimeutamani ufunguo huo tangu nikiwa mfupi kuliko kitasa chake. Wagombea ni wawili, kila mmoja na maonyesho yake: mimi, na msichana wa darasani kwetu tunayemwita Kamusi kwa sababu humsahihisha kila mtu, hata anayeomba maji. Yeye ataonyesha stempu.

Stempu! Namwonea huruma.

Jumanne, 7 Juni

Mjomba ana studio ya picha za pasipoti, na ana skana. Ameniruhusu kuitumia baada ya masomo. Akanielekeza: slaidi ina uso unaong'aa na uso uliofifia, na uliofifia ndio ulale chini, siku zote. Kisha akarudia. Nikamwambia mimi si mtoto. Akasema ndiyo maana amerudia, mtoto angesikia mara ya kwanza.

Yeye huweka slaidi moja moja, kwa mkono mmoja, kama anayelaza kichanga. Kwa mwendo ule tungemaliza nikiwa bibi. Nikabuni mbinu yangu. Mikono miwili kwa pamoja! Wa kulia unachota huku, wa kushoto unachota kule, inakutana juu ya kioo. Kasi maradufu. Mjomba hakuona, alikuwa akimbembeleza mtoto wa mteja atazame kamera. Hasara yake.

Jumatano, 8 Juni

Ugunduzi!

Mwanamume wa kwenye slaidi ana alama nyeusi shavuni, kubwa kama punje ya mahindi. Shavu la kushoto. Picha inayofuata: shavu la kulia! Nikarudi nyuma. Kushoto. Kulia. Kulia. Kushoto. Mke ni yuleyule, kofia ileile. Basi wanaume ni wawili. Mapacha! Wamepokezana likizo nzima, na maskini mke hana habari.

Si hilo tu. Katika picha moja mume na mke wamesimama kwa tabasamu mbele ya jengo jeupe lenye kibao: OOYV. Ni jina la mji, bila shaka. Nimeutafuta kwenye atlasi ya shule, haumo. Atlasi yetu imepitwa na wakati. Nitamwambia mwalimu mkuu.

Mama alikuwa akikunja nguo nilipomweleza. Alinionya nisiingilie ndoa za watu. Nikamwambia hii si ndoa, ni historia. Akasema historia ndiyo hiyohiyo, ndoa za watu.

Alhamisi, 9 Juni

Nimebandika bango kwenye dirisha la studio, na mashavu yote mawili yakionekana vizuri: MAPACHA WA MJI WA OOYV. SIRI YA LIKIZO NZIMA. MAKTABA YA SHULE, IJUMAA.

Mjomba alilitazama bango, akauliza kama uso uliofifia ulilala chini. Nikamhakikishia kwamba zote zililala. Ni kweli, hakuna iliyosimama.

Kamusi alipita akasema Ooyv haitamkiki. Nikamjibu kwamba asiyesafiri husema hivyo. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Wivu huo.

Ijumaa, 10 Juni

Niliapa kuandika kila kitu. Haya.

Maktaba ilijaa. Stempu za Kamusi zilitazamwa na mlinzi peke yake, naye alikuwa akisubiri kufunga mlango. Nikaeleza mapacha, nikaeleza Ooyv, sauti haikutetemeka hata kidogo. Ndipo nikawaona wazee wawili nyuma ya watu, bibi na mumewe. Babu ana alama shavuni! La kushoto! Walikuwa wameona bango. Nikapenya hadi kwake, nikamshika mkono mbele ya umati na kumuuliza pacha wake yuko wapi.

Bibi alikuwa akitazama picha nilizobandika ukutani, moja baada ya nyingine, kiganja mdomoni.

"Mwanangu," akasema, "nimeolewa na huyu mmoja tu. Kwa anavyokoroma ungedhani ni wawili, lakini ni mmoja."

Kamusi angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. Alitoa kioo kidogo mkobani, akakielekeza kwenye mji wa Ooyv, watu wakainama kusoma. VYOO.

Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Mjomba, aliyekuwa mlangoni, alisema tu kwamba alirudia. Inaelekea mkono wangu wa kushoto ulipindua kila slaidi uliyoigusa.

Babu hakukasirika. Boksi lile liliwapotea walipohama nyumba, alikuwa amekata tamaa. Akasimulia habari ndefu: walikuwa wawili tu likizoni, hakuna wa kuwapiga picha, basi aliiweka kamera juu ya jiwe, akabonyeza, akakimbia kusimama kando ya mkewe kabla haijalia. Ndiyo maana anahema katika kila picha. Watu walicheka sana. Sikumsikiliza vizuri. Nilikuwa namtazama mwalimu akimpa Kamusi ufunguo.

Aliutia mfukoni bila hata kuutazama.

Jumamosi, 11 Juni

Nililia kidogo. Kisha nikaenda studio nikaskani upya slaidi zote, moja moja, mkono mmoja, mjomba akiwa ameketi pembeni. Nikawapelekea wazee picha zao. Bibi aliishika ile ya kofia, akasema alikuwa amesahau kwamba aliwahi kucheka hivyo. Hakuirudisha bahashani.

Halafu babu akaingia chumbani akatoka na boksi jingine. Likizo ya pili! Wamenikabidhi mimi. Si Kamusi, mimi. Yeye ana ufunguo wa kabati, na kabati bila kitu ndani ni mbao na kioo. Nilirudi nyumbani nikipita katikati ya barabara.

Jumapili, 12 Juni

Nimeskani boksi zima bila kosa hata moja. Shavu la kushoto kila mahali. Mjomba amekubali kwa kichwa.

Na nimegundua jambo! Katika kila picha wapo wote wawili, mume na mke. Wote! Basi kamera ilishikwa na nani? Kuna mtu aliyewafuata likizo mbili nzima, asionekane hata mara moja! Bango nimeshalianza. Mama hajui.

Kesho kabla ya shule nitapitisha kikaratasi chini ya mlango wa wazee. Nimeandika hivi:

Shikamoo bibi. Babu asijue. Naomba unijibu leo hiihii: huyo mtu wa tatu alikuwa nani?