Spana Zilizopimwa kwa Sabuni

Jumatatu, 7 Februari 1994
Leo nimesikia kitu. Mzee Shiundu, yule wa kanisa, jirani yetu hapa Silanga, anapeleka pikipiki kwao Mumias. Ile ya marehemu babake, iliyotengenezwa na Mwingereza, ya mwaka wa 1956. Kuna ibada ya makumbusho ya huyo babake tarehe 19, na Mzee ameapa pikipiki itafika ikitembea yenyewe, si kwa lori. Anatafuta fundi mmoja akae kiti cha nyuma. Atakayeenda naye na kumrudisha salama anapewa ufunguo wa kibanda chake cha ufundi hapa barabarani. Anakuwa fundi. Kibanda yenye mlango! Na kufuli!

Mimi nauza makaa ya Anti Jael. Miaka tatu. Hata nikikohoa inatoka nyeusi.

Mzee akasema kila mtu aje na vyombo vyake Jumatano ya tarehe 16, aangalie. Nikafungua mdomo niseme mimi hapa. Nikamuuliza anataka makaa debe ngapi. Tonny ndiye alisema yeye yuko. Tonny anaosha magari Nyayo Highrise na haogopi watu.

Jumanne, 8 Februari
Shida ni nati. Siwezi tengeneza spana bila kujua saizi, na nikiuliza Mzee, Mzee ataniuliza kwa nini, halafu itabidi niongee.

Nimepata njia! Nilienda na ndoo nikaanza kuosha pikipiki bila kuambiwa. Mzee akanibariki. Kila nikifika kwa nati, nagandamiza sabuni ya kipande hapo, inaacha alama. Nati kumi na moja, alama kumi na moja. Hakuna mtu alinishuku. Tonny alipita tu akaniuliza, Makaa, leo umeamua kuoga? Akasema nimekosea, hiyo ni pikipiki.

Sabuni nimeficha juu, chini ya mabati, Anti asifulie nayo.

Alhamisi, 10 Februari
Nimetembea mpaka Kawangware na nusu gunia ya makaa kichwani. Huko kuna Thuo, anafua spana kutoka kwa springi ya lori. Spana zake hazivunjiki. Moto wake unakula makaa, kwa hivyo nilijua tutaelewana.

Nilisimama ng'ambo ya barabara nikimwangalia. Asubuhi. Mchana. Maneno nilikuwa nayo yote. Miguu ilikataa. Jioni nikarudi na makaa yangu na shingo imepinda. Anti akauliza hayo makaa yalikuwa yameenda kusalimia nani.

Jumamosi, 12 Februari
Nimerudi Kawangware. Thuo ameniita mwenyewe. Alikuwa ananiona tangu juzi, akadhani mimi ni askari. Nikatoa sabuni. Akacheka mpaka akaweka nyundo chini. Akaita majirani waje waone kijana wa kutengenezewa spana ya kuogea. Nilitamani kuingia kwa moto wake.

Lakini amekubali. Spana kumi na moja kwa gunia moja la makaa. Nimempelekea. Nimeambia Anti gunia lilinyeshewa, nikalitupa. Anti akatazama juu. Jua kali, wiki tatu hakuna hata wingu. Akaniuliza hiyo mvua ilinyesha nchi gani.

Jumatatu, 14 Februari
Spana ziko tayari! Nzito, nyeusi, tamu. Nikarudi kuosha pikipiki tena, nijaribu polepole.

Hakuna hata moja inaingia. Zote ndogo. Zote!

Nimekaa chini nikafikiria. Ni sabuni. Siku nne chini ya mabati ilikauka, ikajikunja kama uso wa mzee. Na alama ikajikunja nayo. Kama ningeongea na Thuo siku ya kwanza, hii haingetokea. Ni makosa ya Thuo, ana sura ngumu.

Nimeomba tupa kwa jirani. Nasugua midomo ya spana ipanuke, huku nauza makaa. Vidole vinatoka damu.

Jumanne, 15 Februari
Nimesugua kutwa. Anti anaona mtu kimya anakwaruza chuma siku ya pili, anafikiria natengeneza silaha. Ameleta akina mama wa kanisa waniombee. Nikiwa hapo! Mmoja alinishika kichwa akisema pepo ya chuma itoke. Nilifunga macho lakini mkono ulikuwa bado unasugua.

Jumatano, 16 Februari
Siku yenyewe. Tonny alikuja na sanduku nyekundu, spana zinang'aa kama meno, ameazima kwa mwenye gari moja huko Highrise. Zote za milimita. Sasa hii pikipiki ya Mwingereza haijawahi kusikia milimita, inajua inchi tu. Tonny akavuta mara moja, spana ikateleza, kidogo impige Mzee goti.

Zamu yangu. Spana ya kwanza ikagongana na injini. Halafu ikaingia. Ya pili ikaingia. Zote kumi na moja!

Mzee akaniangalia sana. Akauliza, we kijana wa makaa, ulijuaje saizi? Nikasema mimi huangalia. Akasema nije Ijumaa saa moja asubuhi. NI MIMI!

Tonny akafunga sanduku yake. Akasema sawa Makaa, umeweza. Lakini plagi ikikufa huko mlimani Timboroa kwa baridi, utapuliza na mdomo?

Sikuwa nimefikiria plagi.

Alhamisi, 17 Februari
Plagi nimepata, mbili. Lakini kama ni cheni? Nimetafuta kipande cha cheni. Kama ni kebo ya klachi? Nimechukua waya. Pampu ya baiskeli. Tubu. Kiraka. Msumeno. Nyundo, na nyundo ingine kama hiyo itaibiwa. Oili ya zamani, debe dogo. Mawe mawili ya kuzuia tairi mlimani, kwa sababu sijui kama huko mbele kuna mawe.

Kwa pikipiki kuna kasanduku ka vyombo, kadogo, inatosha spana tatu na kitambaa. Kwa hivyo nimeweka kila kitu kwa gunia. Nimejaribu kubeba, nikainua upande mmoja tu. Nikatulia kidogo. Sasa tuko salama.

Ijumaa, 18 Februari
Saa moja kamili nilikuwa hapo na gunia kwa mkokoteni. Watu wengi. Anti alikuja na chapati za safari. Tonny pia alikuja.

Mzee akazunguka gunia mara mbili. Akasema hiyo ndiyo kazi ya fundi. Tukaipandisha watu wanne, tukaifunga na mpira wa tubu. Ilikalia kiti cha nyuma, yote, mpaka ikamgusa Mzee mgongo.

Hakukuwa na mahali ingine pa mimi kukaa.

Mzee akaona. Akanigeukia mbele ya watu wote, akaniuliza vizuri tu: kijana, huko barabarani ni nini kitanisaidia zaidi, wewe ama vyombo?

Jibu nilikuwa nalo. Wote waliningoja. Nikaangalia viatu vyangu nikasema, "Vyombo, Mzee."

Akasema mimi ni kijana mnyenyekevu. Akaondoka, na chapati zangu. Tonny hakucheka hata. Alisema tu, "Manze, Makaa." Hiyo iliuma zaidi.

Jumatano, 23 Februari
Mzee amerudi. Gunia hakuna, ameiacha Mumias. Kiti cha nyuma amekaa Walubengo, mtoto wa dadake, mrefu, na spana zangu kwa mshipi.

Kuenda, pikipiki haikufunguliwa nati hata moja. Kurudi, cheni ililegea Gilgil. Walubengo akakaza. Dakika tano. Mzee anasema ahadi ni deni, amerudishwa salama. Amempa Walubengo ufunguo. Huyo Walubengo hata si mbaya. Ameuliza nani alifua spana tamu hivi. Nikamwambia sijui, ni za Kawangware.

Jumapili, 27 Februari
Mzee anasema Pasaka anarudi Mumias. Nimekaa siku nne nikifikiria nilikosea wapi, na nimeona. Vyombo vilikuwa kidogo. Mtu mmoja aliweza kuvisimamia, ndiyo maana hakunihitaji.

Leo nimepata jeki ya lori. Mtu mmoja hawezi kuiinua. Sasa Mzee lazima anichukue, tuiinue wawili.