Mkebe wa Binti Yangu na Kadi Tatu Nyekundu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu ameondoka alfajiri kwenda kwenye mafunzo ya wauguzi. Wiki mbili! Kaniachia nyumba, binti yetu wa miaka minane, na karatasi ya maagizo ndefu kama mkono wangu. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kumfungia mtoto chakula cha shule ni kazi ya dakika tano. Mimi ni seremala. Natengeneza makabati ya droo kumi na mbili. Mkebe una vyumba vitatu tu.

Sikuisoma karatasi.

Kumbe shule imeanzisha ukaguzi! Getini kuna meza, na nyuma ya meza kuna mwalimu wa sayansi, yule ambaye watoto humwita Hadubini. Kavaa glavu, kashika koleo ndogo. Kila mkebe unafunguliwa. Biskuti, marufuku. Keki, marufuku. Soda, peremende, chochote kilichokaangwa, marufuku. Mimi nilikuwa nimeweka keki, soseji za kukaanga na soda ya machungwa. Hadubini aliuliza kama hicho ni chakula cha mchana au ni harusi. Binti yangu karudi na kadi nyekundu.

Jioni mke wangu kapiga simu. Habari zilishamfika, sijui kwa njia gani. (Najua. Ni jirani yetu, Baba Pacha. Mapacha wake wamepata nyota ya kijani, na mdomo wake hauna komeo.) Mke wangu hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema kadi zikifika tatu, mzazi anaitwa mbele ya kamati ya chakula. Na yeye hataingoja hiyo kamati. Mama yake atakuja kukaa nasi mpaka shule zifungwe.

Mama mkwe! Miezi miwili! Nampenda sana mama mkwe. Nampenda zaidi akiwa kwake. Mara ya mwisho alikaa siku nne tu, akapanga upya vyombo vyangu vya kazi, akanihesabia vijiko vya sukari, na akaniuliza mbele ya wateja kwa nini najikuna.

Zimebaki kadi mbili. Kazi ndogo hii.

Jumanne, 4 Machi

Wazo limenijia napiga mswaki! Nilimwahidi binti yangu biskuti za chokoleti, na mimi sirudi nyuma. Yeye alisema si lazima, viazi vya kuchemsha vinamtosha. Mtoto ana adabu, anaficha hamu yake.

Nikachukua mkate mzima. Nikautoboa kwa keekee, matundu manne safi. Nikapenyeza biskuti ndani, nikaziba kwa chembe za mkate nilizozilowesha, vile tunavyoziba kichwa cha msumari. Nikamalizia kwa msasa, taratibu. Usingejua! Hata mimi nilisahau matundu yako wapi.

Hadubini alijua. Hakuanza na biskuti, alianza na vumbi la mbao. Akaugeuza mkate juani. Akaugonga. Akaunusa, akapata harufu ya vanishi. Kadi ya pili, na maneno chini yake: mzazi anaombwa asipige msasa chakula cha mtoto.

Baba Pacha alikuwa ananisubiri kwenye ua. Kanipa pole tatu, kila moja na tabasamu lake. Kisha akadokeza kwamba siri ya nyota ya kijani ni kumvutia mkaguzi kwa macho. Yeye huchonga karoti mpaka ziwe maua. Huchonga! Kwa kisu cha jikoni! Mtu anayeshinda benki anapiga mihuri, ananieleza habari za kuchonga, mimi fundi wa miaka kumi na sita!

Damu ilinichemka mpaka masikioni.

Jumatano, 5 Machi

USHINDI!

Niliamka mapema, nikanoa patasi zote. Karoti ikawa kiti chenye mgongo. Tango likawa meza ya miguu minne, kila mguu umechomekwa barabara, haichezi hata ukiitikisa. Viazi vikawa wageni, wameketi, wanapiga soga. Hadubini kafungua mkebe. Kavua glavu. Kawaita walimu wenzake. Nyota ya kijani! Ya kwanza katika ukoo wetu!

Binti yangu anasema darasa zima lilimpigia makofi, ila alishinda na njaa, maana walimkataza kuugusa mkebe mpaka mwalimu mkuu auone, na mwalimu mkuu alikuwa kwenye kikao. Mambo madogo.

Baba Pacha kapita bila salamu. Siku tamu kuliko zote tangu nizaliwe! (Ukiacha siku ya kuoa, bila shaka. Mke wangu asije akasoma hapa.)

Alhamisi, 6 Machi

Kichwa kimevimba na sioni haya kusema. Barua kutoka shuleni! Kesho kamati ya chakula inakutana na wazazi, na mimi naombwa nilete kapu la karoti zilizochongwa, ziwe mfano. Karoti ishirini! Na Hadubini kaahidi kwamba mambo yakienda vizuri kadi zangu zote mbili zitafutwa. Zifutwe! Mama mkwe abaki kwake na hesabu zake za sukari!

Nimefunga karakana. Kabati la mteja lisubiri.

Fundi wa kweli hachongi bila kielelezo. Kwa hiyo nimeanza na karoti ya mbao ngumu, nikaipaka rangi ya machungwa, nikaitia na kikonyo cha kijani. Nikaisimamisha mbele yangu, zile nyingine nikazichonga kwa kuifuata. Nilipoichanganya na wenzake kwenye kapu, nione kama zinafanana, nilishindwa kuitambua! Nilicheka peke yangu kwa raha.

Ijumaa, 7 Machi

Ngoja kwanza nivute pumzi.

Ukumbi ulijaa. Kamati mstari wa mbele, Baba Pacha nyuma kabisa, kanuna. Nikaeleza habari za patasi, watu wakaitikia. Hadubini, uso umemjaa furaha, akasema chakula bora hakiishii machoni. Akainama kwenye kapu, akachagua karoti nzuri kuliko zote. Nilijivunia jicho lake. Akauma.

Karoti haitoi mlio ule.

Nusu ya jino la mbele ilidondoka mezani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Na mdomo wangu huu, usiojua kungoja, ukawahi kuwatuliza watu: nikawaambia wasiwe na hofu, karoti haijapata hata mkwaruzo.

Kadi ya tatu nimepewa mkononi. Hadubini aliijaza mwenyewe, leso mdomoni.

Binti yangu alinishika mkono njia nzima. Ningefurahi kama angalau angenicheka. Moyo uliniuma kweli. Tukafika nyumbani (Baba Pacha alishapiga simu), mlangoni masanduku matatu, na juu ya lile kubwa kuliko yote ameketi mama mkwe, anaangalia saa.

Jumamosi, 8 Machi

Mbele ya kamati. Mama mkwe alikataa kubaki nyumbani. Kabla sijafungua mdomo kuomba radhi, alisimama akahutubia: maharage, mboga za majani, maji safi, na tabia za baadhi ya wakwe. Nusu saa! Mwenyekiti alikuwa anaandika.

Uamuzi umetoka. Hadubini atakuwa kwa daktari wa meno wiki nzima ijayo, hivyo getini atakaa mkaguzi wa muda. Mama mkwe! Wamempa na koleo! Na kwa kuwa meza ya ukaguzi iko juu na mama ni mfupi, adhabu yangu ni kumtengenezea kiti cha kumtosha. Mama mkwe kanitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, kasema tutaonana Jumatatu getini.

Nimekunywa chai bila sukari. Sikuthubutu hata kuuliza kopo liko wapi.

Jumapili, 9 Machi

Mambo yamegeuka! Mkaguzi anatakiwa getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mama mkwe hawezi kuwa getini na jikoni kwa wakati mmoja. Mkebe umerudi mikononi mwangu! Binti yangu kaomba tena viazi vya kuchemsha. Bado anaficha hamu, maskini. Nimenunua keki.

Nilimpima mama mkwe sebuleni. Aliketi kanyooka, mikono magotini. Akasema tangu azaliwe hajawahi kutengenezewa kiti chake mwenyewe, kila kiti alikirithi au aliwapisha wengine. Akasema huenda alinihukumu vibaya, na kuanzia leo mimi si mkwe, ni mwanawe. Nilitoka nje nikafuta macho kwa kofia.

Kisha nikapiga hesabu. Kiti kikiwa cha kimo chake, mama anaona mkebe mpaka chini. Kikipungua sentimita kumi na mbili, anaona ubavu wa mkebe tu.

Nimekata kumi na nne, kwa usalama. Kimetoka kizuri ajabu! Kesho nyota ya kijani!