Mbuzi Watatu na Kidoti Chekundu

Jumatatu, 8 Septemba

Leo maisha yangu yamebadilika! Nanjala, mama anayesimamia jumba moja la sanaa kule Spring Valley, amekubali picha yangu iingie kwenye maonyesho ya Jumamosi. Mimi, Mutie, mchoraji mabango wa River Road! Ng'ombe wote walio kwenye kuta za bucha za huku ni mkono wangu. Wanaonekana watamu kuliko nyama yenyewe.

Picha ni ya mbuzi watatu wamesimama juu ya paa la gorofa, wanaangalia jiji. Nilikuwa nimepanga kuchora uchungu wa binadamu, lakini mkono umezoea mifugo.

Ubaya ni mmoja tu. Kuria naye amekubaliwa. Kuria tunagawana kibanda. Juzi juzi tu alikuwa anachora mikasi ya vinyozi. Siku hizi anavaa kofia ya sufu juani na kunong'ona. Picha yake ni buluu tupu, kona hadi kona. Inaitwa Ukimya wa Tatu. Nilimuuliza wa kwanza na wa pili wako wapi. Akanihurumia kwa macho.

Sasa lile kubwa. Mzee Mwau, babake Ndunge wangu, atakuja. Amesema hapokei mbuzi wa ntheo kutoka kwangu mpaka aone kama kuna mtu duniani anayeitaka kazi yangu. Kwetu Wakamba ntheo ndiyo mwanzo wa yote: mbuzi hao watatu wakishafika kwa baba, watu wanajua msichana ana mwenyewe, na mwingine asiulize. Bila ntheo mimi ni mtu tu wa kumsindikiza Ndunge hadi stejini.

Kwa hivyo picha lazima ipate mnunuzi Jumamosi, mbele ya macho ya mzee. Lazima!

Jumanne, 9 Septemba

Nimefunga kibanda na kwenda kuchunguza majumba ya sanaa ili nijue wenyeji wake wanaishije. Nilivaa skafu ya Ndunge.

La kwanza lilikuwa Westlands. Kuta nyeupe, hakuna anayekusalimia. Niliwaiga wenzangu: mkono kidevuni, kichwa upande, hatua moja nyuma. Ile hatua ya nyuma nikamkanyaga mbwa wa mtu. Nikatoka kwa heshima, mbio.

Kwa Nanjala nilikuta picha kadhaa zina kidoti chekundu pembeni. Niliumia kwa niaba ya wachoraji. Huku River Road stika nyekundu ni ofa: kitu kimekataa kwenda, bei imeteremshwa. Nilimwuliza Nanjala mbona anaziaibisha picha nzuri hivyo, halafu, kwa kuwa tumefika hapo, ofa yenyewe ni kiasi gani. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mgonjwa, kwamba kidoti maana yake picha imeshanunuliwa. Akaongeza kwamba watu wakikiona ndipo hasa wanaitamani ile picha.

Akili yangu ikawaka kama stima iliyorudi!

Jioni nilinunua karatasi ya vidoti vyekundu pale duka la vifaa vya ofisi, ambako muuzaji ni Ndunge mwenyewe. Akauliza ni vya nini. Nikamjibu ni mambo ya ofisi. Akanikumbusha kwamba sina ofisi.

Jumatano, 10 Septemba

Nilimpeleka Ndunge ukumbi mmoja katikati ya jiji, tuone sanaa ya jukwaani. Msomi wa sanaa lazima aonekane kila mahali.

Jukwaa hakuna. Msanii, jitu moja linaitwa Muthama, alikuwa ameketi kwenye kistuli katikati yetu, kimya, beseni la mayai ya kuchemsha mapajani. Tukangoja. Akaendelea kuketi. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, na mtu mwenye beseni la mayai katikati ya Nairobi anajulikana kazi yake. Nikaomba moja, na kachumbari kama ipo. Akanitazama tu, machozi yakimlengalenga. Nikalichukua la juu, nikalimenya, nikala.

Halafu makofi! Watu walisimama!

Kumbe mengine yote yalikuwa ya plasta. Lile moja ndilo lilikuwa yai, na lile yai, katika mchezo wake, lilikuwa mama yake. Alikuwa amwangalie alasiri nzima kisha amzike. Alinifuata hadi mlangoni akirudia, "Umekula mum, bro. Umekula mum." Nilimwomba msamaha. Pengine sikupaswa kusema kwamba alikosa chumvi.

Ndunge alicheka mpaka akashikilia nguzo ya taa.

Ijumaa, 12 Septemba

Nimepeleka mbuzi wangu kwa Nanjala. Wametundikwa karibu na choo. Nzuri sana, kila mtu atapita hapo.

Kisha nikaenda kupeleleza. Kuria anamalizia kazi yake kwenye karakana kuukuu huko Kangemi iliyogeuzwa studio za wasanii. Huko watu hutembea bila viatu. Nami nikavua, nisionekane wa kuja. Kuria hakuwepo. Nilipokuwa nachungulia dirishani kuona amekwenda wapi, nilihisi kitu cha baridi chini ya mguu. Ukimya wa Tatu ulikuwa umelazwa sakafuni ukauke, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yake.

Unyayo mzima! Na kidole kikubwa!

Nilitoka kama nilivyoingia, isipokuwa mguu mmoja sasa ni wa buluu. Nimeusugua kwa mafuta ya taa. Bado ni wa buluu.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku yenyewe. Nanjala alipoinama kumimina juisi, nilibandika kidoti kando ya mbuzi wangu. Pap!

Kilifanya kazi kupita nilivyoota. Mama mmoja mwenye bangili nyingi aliwapenda mbuzi hadi akashika kifua. Nikamwambia pole, wameenda. Akaja bwana mmoja mrefu, akauliza. Wameenda! Akaja mwingine. Sijawahi kufurahi hivi. Niliwafukuza wanunuzi mchana kutwa.

Mzee Mwau akafika na Ndunge, kofia kichwani, fimbo mkononi. Alisimama mbele ya mbuzi muda mrefu. Akasema masikio ni sawasawa. Akasema huyu wa katikati anafanana na mbuzi aliyekuwa naye Kangundo, mwenye madharau. Nilikuwa nyuma ya nguzo, nikisikiliza kila neno.

Halafu akamwita Nanjala na kuingiza mkono ndani ya koti. Alitaka kununua! Yeye mwenyewe! Ndunge alininong'oneza kwamba babake amepanga tangu asubuhi: picha ikimpendeza ataitundika sebuleni, awaambie wazee mbuzi wa Mutie wameshatangulia, wako ukutani, wale wa miguu waje wakiwa tayari.

Nanjala akamwonyesha kidoti. Mzee akautoa mkono kwenye koti, mtupu.

Akazunguka chumba kizima, kisha akanunua Ukimya wa Tatu. Alieleza kwamba haelewi ile buluu, lakini akaelekeza fimbo kwenye unyayo wangu na kusema, "Angalau hapa kuna mtu amepita." Kuria akapeana naye mkono kwa mikono miwili. Alisema ule unyayo ulimtoka rohoni.

Mzee akanigeukia kuniuliza ni nani aliyewachukua mbuzi. Nikasikia mdomo wangu ukijibu: Bwana Fidel, mtu mkubwa, wa hapa hapa Spring Valley. Mzee akafurahi. Atarudi kesho baada ya kanisa waongee wawili, huenda Bwana Fidel akamwachia. Nanjala naye akaninong'oneza kwamba angependa sana kumwona huyo Bwana Fidel, maana yeye hajamuuzia mtu hao mbuzi.

Jumapili, 14 Septemba

Nilihitaji Fidel. Mwigizaji ninayemjua ni mmoja tu. Namba ya Muthama ilikuwa kwenye bango la ukumbi, nikampigia. Alikubali upesi mno. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Maagizo yalikuwa rahisi: avae suti, akatae kidogo, kisha alegee na kumwachia mzee mbuzi.

Alikuja na suti. Mzee Mwau alimwamkua na kumwomba kwa adabu zote. Muthama akaitazama picha. Akalia. Akasema hawezi kuwaachilia, kwa sababu huyu wa katikati ni mum.

Mzee akavua kofia, akampa pole nyingi. Mimi nikamfinya Muthama mgongoni. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa yai la kuchemsha, akalimenya taratibu huku ananitazama mimi tu, akalila lote. Alikuwa amebeba hata chumvi.

Ndunge tayari alikuwa ameketi sakafuni kwa kucheka. Alimtambua tangu mlangoni. Akamweleza babake yote kwa Kikamba, hata vile vidoti vya "ofisi". Nanjala akakibandua kidoti kwa ukucha.

Nikadhani basi, sasa mzee atanunua. Hakununua. Alisema mtu hupeleka ntheo ili kutangaza kwamba huyu ana mwenyewe, na nyuma ya tangazo hilo lazima kuwe na mwenyewe kweli. Mimi nimetangaza, na nyuma yangu amekuta yai. Kwa hivyo anataka mbuzi walio hai, waje kwa miguu yao, kabla ya Krismasi. Hadi hapo nimsalimie Ndunge nikiwa nje ya geti.

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Nampenda huyu msichana vibaya sana. Wakati wa kuondoka alinirekebisha skafu, ambayo ni yake, akaniambia, "Leta mbuzi, Mutie. Mbuzi tu. Usiongeze kitu."

Nanjala akampigia simu yule mama wa bangili, naye akawanunua mbuzi wangu wa ukutani. Angalau nina pa kuanzia.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimetoka soko la mbuzi Dagoretti. Nimewapata! Watatu, wazuri, na wa katikati ana madharau kamili. Pesa yangu inatosha wawili na miguu ya wa tatu. Nilimwomba mwenyewe aniwekee hadi Ijumaa. Akakataa kabisa, na wanunuzi wengine walikuwa wanawazunguka wakiwapapasa mbavu.

Nilisimama pale nimekata tamaa, nikatia mkono mfukoni. Karatasi ya vidoti! Karibu yote imebaki!

Mwenyewe alipogeuka kupokea simu, nilibandika kila mbuzi kidoti chekundu kwenye paji la uso. Mahali pa kuonekana. Nikaondoka polepole, nimetulia. Sasa soko zima litajua wana mwenyewe. Na mwenyewe ni mimi, kwa hivyo Mzee Mwau hana la kusema.

Nimemsimulia Kuria kibandani. Akavua kofia, akajikuna, akauliza kama kwa watu wa sokoni kidoti chekundu si bado ni ofa.

Nimemhurumia kwa macho.