Nondo Nyuma ya Jiko Langu

Leo nimevuliwa nguo mbele ya jirani zangu, na aliyenivua ni mimi mwenyewe. Nawaandikia ninyi jamaa zangu mapema, kabla kisa hiki hakijawafikia kwa vinywa vya watu. (Mnajua niyaonavyo mambo ya kusikia.)

Saa tatu asubuhi nilikuwa nikinywa chai hapa nyumbani Kapata, mtaa uliozungukwa na machimbo ya shaba, mke wangu Hortense aliponiita kwa sauti ya chini. Nyuma ya jiko walisimama wachimbaji watatu wenye mitarimbo na makoleo, wakiongozwa na jirani yetu Ilunga. Walikuwa wameinamia ardhi mbichi kando ya ukuta. Hapo walitua nondo wapatao thelathini, weusi wenye madoa mekundu na ya manjano, wameshusha ndimi zao ndefu katika tope.

"Tata Mwalimu," alisema Ilunga, "bale bipepeo beko banakunywa shaba. Pale fasi banakunywa, chini kuko mali."

"Kwanza, si vipepeo," nilimjibu. "Ni nondo warukao mchana. Tazama vipapasio vyao, havina kifundo nchani. Pili, nani amethibitisha?"

"Batu banasema."

Ukuta wa jiko langu uko mpakani, na Ilunga alikuwa amekwisha kuwaruhusu wachimbe upande wake. Nyumba ya tatu kutoka kwangu iliponzwa na maneno hayo hayo ya watu. Walichimba chini yake, na leo ina ufa unaopitisha mkono. Mimi sina nyumba nyingine.

Nikawafafanulia, kama nilivyowafafanulia wanafunzi wa biolojia kwa miaka mingi, kwamba nondo hawa hufyonza utamu katika maua, lakini maua hayana chumvi ya kutosha. Ndipo madume hushuka kuitafuta kwenye tope, kwenye jasho na kwenye mikojo.

Kazadi, mkubwa wa wachimbaji, alinisikiliza kwa heshima. "Tata, munyu ya hapa inatoka wapi?"

"Labda mbuzi."

"Mbuzi ya nani?"

(Mtaa wetu hauna mbuzi. Nilijua hilo.)

Kazadi akainua mtarimbo. Pigo la kwanza likatua, na kipande cha lipu kikadondoka ukutani. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua: "Ni mimi. Kila alfajiri. Choo kiko mbali, na umri wangu hauvumilii safari."

Hortense aligeukia kitalu chake cha mchicha kando ya ukuta. "Karibu na lengalenga yangu, papa?"

Niliinama, nikakiokota kile kipande cha lipu.

"Hapana, Tata," Kazadi akasema taratibu. "Uko nakinga nyumba tu. Hii ni maneno ya kinywa. Preuve iko wapi?"

Ushahidi uko wapi: swali hilo nimewauliza wengine maisha yangu yote. Nikaomba ndoo, nikajifungia chumbani. Hofu ilikuwa imenikausha kabisa. Hortense akanipitishia dirishani vikombe vitatu vya maji, na nje nikamsikia Ilunga akiwatuliza waliozidi kukusanyika: "Mungojee, Muzee iko natayarisha preuve."

Hatimaye nilitoka na ndoo, nikapita katikati ya watu wapatao ishirini (wakiwemo mama wawili wa kwaya), nikaimwaga kwenye udongo mkavu katikati ya ua. Tukasubiri. Nilijikuta nikiyatazama matofali ya jiko moja moja, kama mtu anayeyaaga. Kitu kikatua.

"Ule ni inzi," alisema Ilunga.

Tukasubiri tena. Kisha akatua nondo mmoja. Akaja wa pili. Walipofika saba, wakifyonza kwa utulivu mkubwa, Kazadi aliweka mtarimbo begani.

"Bon. Preuve iko. Lakini Tata, uende ku hospitali. Mikojo yako iko na munyu mingi."

Vicheko vilisikika hadi barabarani. Nyumba yangu ingali imesimama. Atakayecheka na acheke leo hii hii. Kuanzia kesho alfajiri nitakwenda chooni, na ushahidi hautapatikana tena.